Sufuria Iliyoingia Mara Tatu

Asubuhi ya kwanza mwongozaji wa filamu alisimama katikati ya sebule, akapiga makofi mawili na kutoa maagizo. Alikuwa kijana wa skafu shingoni, ingawa joto la siku hiyo lingeyeyusha mshumaa, na alisema taratibu, neno moja moja, kama anayemsomea mtoto mdogo barua. Aliwataka wenye nyumba waishi kama kawaida yao. Wasimwangalie yeye wala mpiga picha wake, wala kamera, wala nyaya zilizotambaa sakafuni.

"Jifanyeni sisi hatupo," alisema. "Hatupo kabisa."

Mume aliitikia kwa kichwa. Mtaa mzima ulimwita Mizani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kurekebisha mizani za maduka na masoko, na yeye akiambiwa jambo hulifanya. Mke aliitikia pia. Huyu aliitwa Vifungo, maana kwenye karakana ya ushonaji yeye ndiye aliyeshona matundu ya vifungo ya mashati yote, na hakuna tundu lake lililowahi kufumuka. Wote wawili walikuwa na usonji. Madaktari waliwaambia hivyo ukubwani, kila mmoja kwa wakati wake, na watu wengi wakishalisikia neno hilo huamini kwamba mwenye nalo haelewi utani wala jicho la pembeni. Vifungo alikuwa ameelewa vizuri sana kijana alichomaanisha. Lakini aliwaacha watu na imani yao, kwa kuwa ilikuwa imemfaa mara nyingi.

Basi wakaishi kama wageni hawapo. Vifungo alipika chai vikombe viwili, wakanywa, wakala na mkate wote, huku mpiga picha akimeza mate nyuma ya kamera. Alipofagia, alifagia mpaka kwenye viatu vya mwongozaji, akavifagia na vyenyewe, takataka zikaingia kwenye soksi. Ilipofika saa nne, saa yao ya kwenda sokoni kila Jumamosi, walivaa viatu, wakachukua kikapu, wakatoka na kuufunga mlango kwa ufunguo. Wageni wakabaki ndani.

Walikaa humo dakika hamsini, wakigonga madirisha, mpaka Dada alipokuja kuwafungulia. Dada alikuwa dada mkubwa wa Mizani, na alikuwa na ufunguo wake mwenyewe wa nyumba hiyo, ambao hakuna aliyekumbuka kumpa. Wenye nyumba waliporudi na vitunguu vyao walimkuta mlangoni, mikono kiunoni, akitaka kujua ni adabu gani hiyo ya kuwafungia wageni ndani bila hata kuwapa maji.

"Hawapo," alisema Mizani.

Vifungo aliinama haraka kuokota kitunguu ambacho hakikuwa kimeanguka. Alikaa huko chini kwa muda, mabega yakimtikisika, mpaka alipoweza kuinuka na uso wa mtu mzima.

*

Filamu hiyo ilikuwa wazo la Dada. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha familia zenye watu wa usonji, mwanamke wa sauti kubwa na kitabu cha mikutano kwapani, na hakuna aliyekana kwamba chama kilisimama kwa nguvu zake. Ndiye aliyemtafuta mwongozaji, ndiye aliyepata ukumbi wa kuionyeshea. Alisema jamii ielimike: waone mke na mume wenye usonji wanavyoishi nyumba moja na wanavyosaidiwa. Neno hilo la kusaidiwa alilirudia mara nyingi, na kila alipolirudia Vifungo alihisi kitu kikimkwaruza, kama lebo ya shati nyuma ya shingo.

Siku ya tatu ndipo alipojua ni kitu gani. Dada alimfuata jikoni wakati wanaume wakipanga taa sebuleni, akamtazama tumbo, ambalo wakati huo lilikuwa la miezi sita, akashusha pumzi. Akasema maneno aliyokuwa ameyapanga tangu zamani, maana hakujikwaa hata mara moja. Filamu ikishaonyeshwa, familia itakaa kikao siku hiyohiyo. Baba atakuwa ameitazama. Baba ataona kwa macho yake hali ilivyo humu ndani, kisha ataamua mtoto alelewe wapi. Na mahali pa busara ni kwake yeye Dada, kwenye nyumba kubwa, yenye utulivu.

"Si kwamba tunakunyang'anya, wifi," alisema. "Utakuja kumwona. Hata kila wiki, ukitaka."

Vifungo alikuwa anachambua maharage. Mkono wake ulisimama juu ya sinia. Aliogopa, na aliogopa kwa kina, kwa sababu alimjua baba mkwe: mzee mstaafu wa posta, mpole, mwenye kuamini kila kilichoandikwa na kila kilichopigwa picha. Mzee huyo akishasema neno, ndugu wote humfuata, na Mizani mwenyewe hajawahi kumpinga baba yake. Alitaka kusema mengi. Lakini maneno yake, akiwa na hofu, huja yote kwa pamoja na kuziba mlango.

"Kila wiki siku gani?" ndilo pekee lililotoka.

Dada alidhani amekubali. Alimpigapiga begani, akarudi sebuleni akiimba.

*

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wa filamu walifikisha siku ya tisa na jembe walikuwa wanalitumia wao. Walihamisha meza. Walihamisha kitanda. Walibandua karatasi za ratiba zilizokuwa ukutani, wakazibandika upya mahali penye mwanga mzuri, zikiwa zimepinda. Mwongozaji alitaka kumpiga picha Vifungo akishtushwa na kelele, na kwa kuwa siku hiyo mtaa ulikuwa kimya, alijificha nyuma yake na kuangusha mfuniko wa sufuria kwenye saruji. Vifungo aliziba masikio na kuchuchumaa. Alikaa hivyo dakika kumi na moja, akitetemeka, na kamera ikamtazama dakika zote kumi na moja. Mpiga picha, mtu mnene wa makamo asiyependa maneno, alimaliza kazi akaenda kusimama nje peke yake, akiutazama ukuta.

Kisha ikaja siku ya sufuria. Mwongozaji alisema filamu ina pengo: hakuna mahali tunapomwona Dada akiwasaidia. Dada akasema yeye huwaletea chakula. Mizani akasema aliwaletea chakula mara moja, mwaka juzi, siku ya msiba. Dada akasema huo ni mfano. Na kwa kuwa siku hiyo hakuwa amekuja na kitu, mwongozaji aliingia jikoni, akaona sufuria ya maharage iliyokuwa ikitokota tangu asubuhi, akapata akili. Sufuria itolewe kwa mlango wa nyuma. Dada aibebe, azunguke nyumba, aingie nayo kwa mlango wa mbele. Wenye nyumba wawe wamekaa mezani na sahani tupu, wakisubiri.

Vifungo alitaka kukataa. Kisha akamtazama mumewe, aliyekaa mezani na sahani tupu, mgongo wima, mikono juu ya magoti, akaona nini kitatokea. Akaketi haraka kando yake na kutulia tuli.

Dada aliingia, mvuke ukimpanda usoni, tabasamu limejaa. Akasema kwa sauti ya jukwaani kwamba amewaletea riziki.

"Hiyo ni sufuria yetu," alisema Mizani.

Mwongozaji alikata. Akamweleza taratibu kwamba ni sufuria yao, ndiyo, lakini kwenye filamu ni ya Dada. Mizani alisikiliza kwa makini, akasema ameelewa. Dada akazunguka nyumba tena, akaingia, akasema amewaletea riziki.

"Bado ni sufuria yetu," alisema Mizani. "Na imepungua."

Ilikuwa kweli, pale nyuma mchuzi ulikuwa umemwagika kwenye ngazi. Mara ya tatu walimwomba asiseme lolote, na Mizani hakusema lolote. Alinyanyuka tu, akampokea Dada sufuria kwa adabu, akaifungua, akaonja, akamwambia mkewe chumvi imekolea vizuri leo. Vifungo alilazimika kukiuma kitambaa cha meza. Hapo mwongozaji alisema inatosha, atakata vipande anavyovitaka.

Jambo la mwisho lilikuwa mahojiano. Kijana aliwaketisha kwenye kochi na kuwauliza, kwa sauti iliyolegea kama ya daktari mwenye habari mbaya, kama wao wanajua mapenzi ni nini. Mizani alifikiri sana.

"Yeye hawezi kustahimili mlio wa kikata kucha," alisema. "Kwa hiyo mimi nakata kucha nje. Hata mvua ikinyesha."

Vifungo alipoulizwa yeye, alisema mumewe hapendi kushtukizwa kwa nyuma, kwa hiyo akimjia kwa nyuma huburuta ndala. Mwongozaji alisubiri kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi, wala hapakuwa na machozi, akazima kamera.

*

Wiki tatu baadaye Dada alileta karatasi za kusaini. Mwongozaji alihitaji saini zao mbili, za kusema wameitazama filamu na kwamba haya ndiyo maisha yao. Dada alikuwa ameshawawekea alama ya kalamu mahali pa kusaini, akasema wafanye haraka, onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo.

"Hatujaitazama," alisema Mizani.

Dada akasema hiyo ni desturi tu ya karatasi. Lakini alikuwa amegusa mahali pabaya. Mizani alikuwa na koleo lake la kubania muhuri wa madini ya risasi kwenye mizani iliyo sahihi, na katika miaka kumi na minne hajawahi kubana muhuri kwenye mizani asiyoijaribu. Wenye maduka walikuwa wamembembeleza, wamemnunia, mmoja alimfukuza na mbwa. Dada alilijua hilo. Alizichukua karatasi zake kwa hasira na kumpigia simu mwongozaji, akamwambia awaonyeshe hiyo filamu yaishe.

Waliitazama katika chumba kidogo cha mwongozaji, juu ya duka la viatu, Ijumaa, siku nane kabla ya onyesho. Walikuwa wanne: wao wawili, kijana na mpiga picha wake. Vifungo alijiona kwenye kioo cha kompyuta akiwa amechuchumaa, ameziba masikio, na sauti nzito ya kiume ikisema kwamba dunia ya watu hawa imejaa hofu. Alijiona mezani na sahani tupu. Akamwona Dada akiingia na sufuria, mara moja tu, kimya, mvuke na tabasamu. Mwisho kabisa kamera ikashuka kwenye tumbo lake, ikakaa hapo, na ile sauti ikauliza: je, mtoto huyu atalelewa na nani?

Akawaza Jumamosi ya onyesho. Alimwona baba mkwe kwenye kiti cha mbele, akisikiliza swali hilo, akiamini kila picha.

Mizani wakati wote alikuwa anaandika kwenye daftari lake la kazini. Filamu ilipokwisha alieleza, kwa sauti ileile anayowaelezea wenye maduka, kwamba mizani hupimwa kwa kuweka jiwe la kilo katikati ya sahani, kisha kwenye pembe zote nne. Mizani ya uongo mara nyingi husema kweli katikati. Uongo wake huwa pembeni. Na filamu hii pembeni ina makosa kumi na tisa.

"La saba," alisoma. "Inasema hofu. Hofu ililetwa na mfuniko. Mfuniko uliuangusha wewe, Alhamisi, saa tisa na robo. La kumi na mbili, sufuria. La kumi na tisa, swali la mwisho. Hilo lina jibu, na jibu hamkutuuliza sisi." Akafunga daftari. "Lakini inarekebishika. Siwezi kuipiga muhuri ikiwa hivi."

Hakuwa amekasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomvuruga mwongozaji. Alijitetea. Alisema filamu zote hukatwa. Alisema ukweli una namna nyingi. Mizani alimuuliza kilo ina namna ngapi. Kijana akageuka kwa Vifungo, akidhani huko ndiko kwenye upenyo, akamwambia kwamba Dada ameshaalika watu mia mbili na wao wanataka kumwangusha dada yao mwenyewe.

Vifungo aliomba kuona vipande vilivyotupwa.

Mpiga picha aliyekuwa kimya tangu mwanzo ndiye aliyevileta, bila kumngoja bosi wake. Wakatazama kufagiwa kwa viatu. Wakatazama chumba kitupu na sauti ya ufunguo, kisha mwongozaji akigonga dirisha na kuita msaada, skafu imemning'inia. Wakatazama Dada akiingia, akiingia, akiingia. Ilipofika "na imepungua", mpiga picha alitoa mlio kama wa pampu iliyoziba, akajishika tumbo, na kicheko chake kikamwambukiza kijana mwenyewe, aliyekuwa amekaza uso kwa nguvu zake zote. Alipokuja kujifuta macho alisema, kwa sauti ya kawaida, ya haraka, sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake:

"Mungu wangu, hii ndiyo filamu."

"Iweke," alisema Vifungo. "Zote tatu. Na za kucha, na za ndala. Swali la mwisho litoe."

Kijana alikumbuka Dada, uso ukamwanguka. Ukumbi ni wa Dada. Watu ni wa Dada. Hawezi kumwaibisha mwenyekiti mbele ya chama chake. Vifungo alikuwa ametegemea hilo, na jibu alikuwa nalo tangu sufuria ilipoingia mara ya pili. Alimweleza bila haraka. Hawatasaini, lakini watakuja kwenye onyesho, maana wamealikwa. Watakaa mstari wa mbele. Na mume wake, ambaye hawezi kunyamaza akiona kipimo kibaya, atakuwa na daftari.

"Makosa kumi na tisa," alisema Vifungo. "Huwa anayasoma kwa sauti."

Mwongozaji alimtazama Mizani. Mizani aliitikia kwa kichwa, akiwa na nia njema kabisa.

*

Wiki hiyo Dada aliwauliza mara mbili kama wamesaini, wakamjibu wamesaini. Ilikuwa kweli, maana filamu iliyokatwa upya walikuwa wameitazama mpaka mwisho. Mizani alikuwa tayari kumweleza na mengine yote, kama angeuliza, ila Dada hakuwa mtu wa kuuliza swali la pili. Vifungo alimwambia mumewe kwamba asiyeuliza hajibiwi, na mumewe akaona ni kanuni ya haki. Vifungo mwenyewe alilala vizuri. Alikuwa na hamu ya Jumamosi kuliko mtoto anavyongoja sikukuu.

Ukumbi ulijaa. Baba mkwe alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti, miwani miwili, mmoja puani na mmoja mfukoni. Dada alifungua kwa hotuba fupi ya dakika ishirini, akaketi kando ya baba yake, taa zikazimwa.

Watu hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka. Viatu vilipofagiwa walikohoa tu. Ufunguo ulipogeuka mlangoni, mtu mmoja huko nyuma alishindwa, na baada ya hapo ukumbi ukafunguka wote. Hawakuwa wanamcheka Mizani, na Vifungo, aliyejua kutofautisha vicheko kama wengine wanavyotofautisha vitambaa, alilisikia hilo mara moja. Ilipokuja kauli ya kucha na mvua, ukumbi ulinyamaza. Mwanamke mmoja alimshika mumewe mkono.

Kisha Dada akaingia na sufuria. Akaambiwa ni ya nani. Akazunguka. Kamera ya mpiga picha ilikuwa imemfuata mpaka uani, ikamwonyesha akikwaa ngazi, akifuta mchuzi kwa pindo la gauni, akirekebisha tabasamu kabla ya kuingia. Watu walipiga viti kwa mikono. Baba mkwe alicheka mpaka akabadilisha miwani. Filamu ilipokwisha na taa kuwaka, alimgeukia bintiye, na kwa kuwa masikio yake hayakuwa mazuri, aliuliza kwa sauti iliyofika mlangoni:

"Kwa hiyo hawa wanapika wenyewe?"

Dada alijaribu kusema kwamba huo ulikuwa mfano.

"Na wewe ulikuwa unaipeleka wapi sufuria ya watu?"

Ukumbi uliangua kicheko kikubwa kuliko vyote. Mzee hakuwa ametania, alitaka kujua. Aliponyimwa jibu, alimwita mwanawe na mkwewe, akawaambia kikao cha leo hakina ajenda tena, maana mtoto ana baba na ana mama na wanajua chumvi. Ndugu waliokuwa karibu wakaitikia. Likaisha hivyo, kwa sentensi moja, jambo lililokuwa limemkaba Vifungo wiki zote hizo. Alisubiri furaha ije. Ilikuja, lakini alipogeuka kumtafuta Dada, kiti chake kilikuwa kitupu.

*

Alimkuta kwenye korido ya nyuma, penye viti vibovu vilivyopangwa, amesimama akiutazama ubao wa matangazo ya mwaka jana. Kitabu cha mikutano kilikuwa sakafuni. Vifungo aliburuta ndala ili asimshtue.

"Umefurahi," alisema Dada bila kugeuka.

"Ndiyo," alisema Vifungo. Kisha, kwa sababu ilikuwa kweli pia: "Sasa hivi kidogo tu."

Dada alikuwa analia, kilio cha mtu asiyekizoea, puani na mdomoni kwa pamoja. Alisema alimbeba mgongoni mdogo wake wa miaka sita, siku mama yao alipozikwa, watu wakisema mtoto huyu haongei, atakuwa mzigo. Alimfundisha kufunga kamba za viatu kwa mwaka mzima. Alipigana na walimu. Miaka yote hiyo watu walimuuliza yeye: anakula nini, anataka nini, anaweza nini. Kisha yule mtoto akaoa, na tangu siku ile hakuna aliyemuuliza tena.

"Mimi sasa ni dada wa nani wa nini?" alisema. "Nilitaka mmoja tu anihitaji."

Vifungo alisogeza kiti kimoja karibu naye. Hapo mlango ukafunguka na mwongozaji akaingia, kamera ndogo mkononi, macho yakimng'aa. Alikuwa ameona machozi. Vifungo aliona kamera ikiinuka, na kabla hajafikiri alikuwa ameshafika kati yao, mgongo kwa Dada, tumbo lake la miezi saba limeijaza ile lenzi.

"Hii hapana," alisema. "Hatupo."

Kijana alishusha kamera, akarudi alikotoka na kuuvuta mlango polepole.

Walikaa kwenye viti viwili ambavyo havikuwa vibovu sana. Dada alijifuta na pindo la gauni. Kisha aliuliza, kwa sauti ndogo, kama walimcheka sana.

"Sana," alisema Vifungo. "Mimi nimechekwa miaka thelathini, nakwambia ilivyo. Inauma siku tatu. Siku ya nne unakula vizuri."

Dada alitoa sauti iliyokuwa nusu kilio na nusu kitu kingine. Akainama, akaokota kitabu chake cha mikutano, akakipangusa vumbi kwa muda mrefu kuliko lilivyokuwapo.

"Nilishanunua kitanda cha mtoto," alisema. "Kipo kwangu chumbani. Tangu mimba ilipokuwa ya miezi miwili."

Vifungo alifikiri. Aliwaza nyumba yao, ukuta wa kulia, dirisha, umbali wa kufungua kabati. Aliipanga yote kichwani, akairudia, ikakaa.

"Mlango wetu una sentimita sabini na sita," alisema. "Kitanda kina upana gani?"

"Sijakipima."

"Nenda kakipime, wifi," alisema Vifungo. "Halafu uniambie."